Nirudishieni Makosa Yangu

Mama Mstari hakuwahi kuandika namba kwenye nguo ya mtu. Madobi wengine wote unaowajua huchora alama ndani ya kola, au hufunga uzi, au hubandika kikaratasi kwa pini. Yeye, wapi! Ukimletea shati analipokea, analipiga jicho moja, analitupa kwenye rafu, na mdomo wakati wote uko kwenye habari nyingine kabisa. Kesho yake ukitokea mlangoni, hujafungua kinywa, shati lako liko mezani, limekunjwa, lina joto bado. Hakuulizi jina. Pengine hata jina lako halijui. Anachojua ni shati lako.

"Nguo ya mtu ni uso wake," alizoea kusema, "na uso hauandikwi namba isipokuwa gerezani." Maneno hayo aliyarithi kwa mama mkwe wake, pamoja na meza ya kupigia pasi, pasi nzito ya umeme ambayo waya wake umeshafungwa utepe mara nne, na rafu kumi na mbili za mbao zinazopanda ukutani mpaka darini. Jina la Mama Mstari lenyewe alipewa na mtaa, kwa ajili ya suruali. Suruali iliyotoka kwake ilikuwa na mstari mmoja mbele, umenyooka mpaka kinyozi wa duka la pili akawa anaapa kwamba wembe ukiisha makali atakuja kuazima suruali. Mistari miwili, ile reli ya wapiga pasi wavivu, Mama Mstari aliichukia kuliko wizi.

Basi alijua nani kola yake inaliwa upande wa kushoto kwa sababu ya mkoba wa begani, nani hufungua vifungo kwa pupa, nani ameongeza mwili na anaona haya kusema. Wala hakuwa na siri. "Wewe mwenye bucha," angesema mbele za watu, "kifungo hiki cha tumboni kinaniomba msaada, na mimi sina la kukifanyia." Watu wanacheka, mwenye bucha mwenyewe anacheka. Sasa afanye nini? Ukigombana na Mama Mstari utatembea umekunjamana mpaka lini?

Miaka thelathini na moja ilikwenda hivyo. Halafu Jumanne moja asubuhi, pasi ikamtoka mkononi.

Ni kiharusi kidogo, daktari alisema, kidogo sana, na ashukuru Mungu. Akalazwa wiki mbili, akakaa nyumbani mwezi mmoja, mkono wa kulia ukarudi karibu wote, na mdomo ukarudi wote na ziada juu. Kila mtu akasema amepona. Yeye mwenyewe akasema amepona. Akafungua duka, akapokea nguo, akazitupa kwenye rafu kama ada yake, na kesho yake mwenye bucha akatoka pale na suruali ya mwalimu mkuu.

Sasa, mwenye bucha ni mtu wa mapaja. Mwalimu mkuu ukimtazama kwa ubavu unaweza kumkosa. Suruali ile ilivumilia mpaka saa nne, mwenye bucha alipoinama kunyanyua mguu wa ng'ombe mbele ya foleni ya wateja, na mlio wake ulisikika mpaka kwa kinyozi. Wakati huohuo mwalimu mkuu alikuwa amesimama mbele ya wazazi, mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali ya mwenye bucha, mkono wa pili umeshika hotuba. Kila ilipofika zamu ya kufungua ukurasa, maskini alisita sana.

Mtaa ulicheka wiki nzima. Mama Mstari alicheka nao, akasema kosa moja haliachi mke. Lakini wiki ileile alikosea tena mara tano, na mara ya sita, mteja alipotokea mlangoni, alimtazama, akaitazama rafu, na hakuna kilichokuja. Nguo zote zilikuwa nguo tu, za watu wowote. Akashika ukingo wa meza, akamwambia yule mteja kwamba pasi imeharibika, arudi kesho. Kisha akakaa kwenye kigoda nyuma ya mashuka, akalia na leso mdomoni asisikike.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, ni karani wa posta, dirisha la tatu. Alipopata habari alikuja jioni hiyohiyo, viatu vya kazini bado miguuni.

"Mama, chumba kipo. Kina dirisha, kina kitanda kizuri, wajukuu zako watafurahi. Funga duka upumzike."

"Nipumzike nimefanya nini?"

"Mama, umepasua suruali ya watu."

"Aliyeipasua ni mwenye bucha. Tena imeshashonwa."

"Mama."

Kwa neno hilo moja Mama Mstari akajua kwamba utani umekwisha. Alilitazama duka lake, akaitazama ile meza iliyoungua alama ya pasi pembeni, alama aliyoiweka yeye mwenyewe akiwa bibi harusi mpya anayejifunza kazi. Chumba chenye dirisha ni kizuri. Ila angekaa humo kama nani? Humo asingekuwa Mama Mstari. Angekuwa bibi fulani anayeulizwa kama ameshakula.

"Nipe miezi mitatu," akasema. "Ikifika mwezi wa tatu, na bado kuna nguo inakwenda kwa asiye mwenyewe, ufunguo wa duka nakupa kwa mkono wangu huu. Sitabisha."

"Haya," akasema binti, haraka haraka, kama mtu anayegonga muhuri. Aliporudi kwake hakula.

Kila Alhamisi Mama Mstari alikwenda hospitali kwa dada wa mazoezi, msichana mdogo kwa umri na mkali kwa kazi, anayemkamulisha mpira kwa mkono wa kulia mpaka jasho. Alhamisi hiyo mpira aliuweka chini, akamweleza habari yote ya rafu.

"Kumbukumbu nayo ina mazoezi yake, mama," dada akasema.

"Mwanangu, usinitanie. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka zamani."

Dada akavuta kiti. "Mama, kazi yako ni nini?"

"Si nimekwambia? Dobi."

"Suruali ikikujia imekauka, ina mistari miwili, unaitupa?"

"Toba! Naitupaje suruali ya mtu? Nainyunyizia maji."

"Halafu?"

"Nashika mshono na mshono, nailaza upya, nakandamiza pasi. Nanyanyua. Nakandamiza tena."

"Na ule mstari wa zamani unaondoka siku hiyohiyo?"

"Thubutu! Mstari wa zamani una kiburi. Ukigeuka tu, umeshachungulia. Unaurudia kila nguo inapofuliwa, mpaka wenyewe unakata tamaa."

"Na ukishapiga pasi, unaivaa papo hapo?"

"Ukiivaa ya moto umeharibu kazi. Unaitundika ipoe, ndipo mstari ushike."

"Basi ubongo nao ni kitambaa cha namna hiyo," dada akasema. "Haukauki. Pale palipoungua sikudanganyi, huenda pasirudi. Lakini pembeni pake pana kitambaa kizima, na kinakubali mstari mpya hata kwa mtu wa miaka tisini. Sharti lake ukandamize palepale kila siku. Na ulale, maana kulala ndiko kutundikwa kwenyewe. Na kuna jambo moja kubwa kuliko yote: ukikosea, ujue umekosea, palepale. Ubongo usipoambiwa umekosea unadhani uko sawa, na huo mstari wa makosa ndio unaokaa."

Mama Mstari aliuokota mpira, akaukamua mara moja. "Mbona daktari hakunieleza hivi?"

"Daktari hapigi pasi, mama."

Siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu, anatabasamu barabarani peke yake. Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko mpira. Dada alikuwa amemuuliza, "Unapopokea nguo, macho yako yako wapi?" na yeye, kwa vile si mwongo, alijibu kwamba macho yako kwenye umbea. Zamani aliweza kuona na kusema kwa pamoja. Sasa ilibidi achague. Akajiwekea sheria: nguo ikija, aishike kwa mikono miwili, afunge mdomo, avute pumzi tatu. Aitafute mpaka aone kitu kimoja ambacho nguo nyingine haina. Kisha akiseme kwa sauti pamoja na mwenyewe, na kadiri maneno yanavyochekesha ndivyo yanavyoshika.

Kufunga mdomo kulimtesa. Wateja waliingia na habari motomoto, wakamkuta amekumbatia shati lao, kimya, anapumua. Kinyozi alidhani wamekosana.

"Dada, nimekufanyia nini?"

"Nyamaza. Nakuhifadhi." Pumzi ya tatu. "Koti jeupe, mfuko umechomwa na mkasi, kinyozi aliyejikata mwenyewe. Haya, sasa niambie, yule jirani amehama au amehamishwa?"

Tena kulikuwa na kidole. Kila mpiga pasi wa zamani hulowesha kidole kwa ulimi, akaugusa uso wa pasi, chwii, kujua kama moto umefika. Mama Mstari alikuwa akifanya hivyo mara arobaini kwa siku bila kujijua. Akaamua kukitumia. Kila kidole kikilia chwii, anaipa rafu mgongo na kuitaja yote, ya juu mpaka ya chini. "Rafu ya kwanza, shuka la nesi, pindo limeshonwa kwa uzi mwekundu. Ya pili, suruali, mguu mmoja mrefu, mwenye bucha anayeegemea upande wa fedha..." Akikwama anageuka, anatazama, anaanza upya. Mara arobaini kwa siku! Mtu akipita nje anadhani mle ndani kuna shule.

Wiki nne za mwanzo makosa yalikuja kama mvua. Nguo zilirudi, watu wakinung'unika, naye akiomba radhi na kuzitazama upya kwa mikono miwili. Wiki ya tano nguo zikaacha kurudi. Wiki ya sita hakurudi hata mmoja, wala ya saba. Mama Mstari alianza kuimba akiwa kazini. Alimpigia simu binti yake kumwambia kwamba chumba chake apangishe mtu mwingine, na binti akacheka, kicheko kifupi kidogo, mama hakukijali. Kwa furaha hiyo akaanza kulegeza. Pumzi tatu zikawa moja. Umbea ukarudi mezani. Kidole kililia chwii na yeye yuko katikati ya hadithi ya watu.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili miezi mitatu iishe. Plagi ya pasi ililegea, akaenda kwa kinyozi kuazima bisibisi. Kinyozi hakuwepo kitini. Nyuma ya pazia alisikia mtu anapekua, akalisogeza pazia, na hapo akamkuta mwalimu mkuu, mkono mmoja umezama ndani ya kapu kubwa la nguo.

Mama Mstari hakuhitaji kuuliza nguo zile zimetoka wapi. Mkunjo wake anaujua. Mikono ya shati nyuma, kola juu, kona nne sawasawa. Kapu zima lilikunjwa na yeye.

"Mwalimu, unatafuta nini?"

"Natafuta shati... langu."

"Na hilo ulilotia humo?"

Mwalimu mkuu, mtu ambaye watoto mia sita humwogopa, alitazama viatu vyake. "La mwenye bucha, mama. Nilipewa jana."

"Ulipewa na nani?"

"Na wewe, mama."

Akapiga magoti kwenye sakafu yenye nywele za watu, akahesabu. Kumi na moja. Kinyozi aliingia na kikombe cha chai, akaona pazia liko wazi, akasimama.

"Tangu lini?"

"Dada, kaa kwanza unywe chai."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Wiki ya tano," kinyozi akasema. "Mtu akipewa isiyo yake anaileta hapa, anachukua yake, yamekwisha. Hakuna aliyelalamika, wallahi. Tulikuwa tunakustahi."

"Wazo hilo ni la nani? Maana lako haliwezi kuwa, nakujua."

Kinyozi alikitazama kikombe. "La mwanao. Ulimpa blauzi ya mtu. Akaja akasimama hapo, ameishika, analia. Akasema, nikimwambia, itabidi nichukue ufunguo, na nikichukua ufunguo nimemuua mama yangu. Kesho yake akaja na kapu."

Mama Mstari aliondoka bila bisibisi. Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo halikupata kutokea, akaenda posta. Hakupenya mbele, alipanga foleni ya dirisha la tatu kama watu wote, nyuma ya bwana mmoja mwenye bahasha. Alipofika, binti yake alikuwa ameinama anaandika.

"Karibu, nikusaidie nini?"

"Nimeleta kifurushi."

Binti akainua uso. Chini ya kioo mama yake alikuwa amesukuma leso iliyokunjwa kona nne sawasawa, na ndani yake ufunguo.

"Ahadi ni deni," Mama Mstari akasema. "Nguo kumi na moja, mwanangu. Tena hizo ni zilizobaki kapuni. Kapu zuri, umelinunua wapi?"

Muhuri ulimponyoka binti ukabiringika mezani. "Mama, nilitaka tu ubaki na duka lako."

"Najua. Ungekuwa na nia nyingine ningekuja na fimbo."

"Ulikuwa unaimba, Mama. Kila nikikupigia unaimba. Ningekwambiaje?"

"Ungeniambia kwa mdomo! Dada wa mazoezi alisema nikikosea nijue. Nyinyi mmenichukua makosa yangu mkayaficha nyuma ya pazia, mimi huku nadhani napona, nimeacha hata mazoezi. Wiki zote hizi nakandamiza mstari wa uongo, na mtaa mzima unanitabasamia!" Sauti ilianza kumtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mtu akifichwa makosa yake, mwanangu, huyo ameshazikwa nusu. Umenisitiri kama maiti. Mimi bado niko hai."

Binti alikuwa analia waziwazi sasa, sare ya posta na yote. Akasukuma leso irudi chini ya kioo. Mama akaisukuma tena.

"Kaa nao huo ufunguo. Kila asubuhi utakuja kunifungulia kabla ya kazi yako. Na utanirudishia siku utakayoweza kuniambia nimekosea, usoni kwangu, mbele za watu, bila kunionea huruma. Siku hiyo na si kabla."

"Mama, samahani," akasema mtu wa nyuma kwenye foleni, kwa adabu sana, "hata sisi tuna barua."

Aliporudi mtaani alisimama kwenye mlango wa kinyozi, akalibeba lile kapu kifuani, akaita kwa sauti ambayo bucha iliisikia: "Nirudishieni makosa yangu! Atakayepewa nguo isiyo yake ailete kwangu, na anikaripie. Atakayenisitiri tena, nguo zake akapige pasi kwa makalio!"

Wakatii. Mwanzoni kwa haya, kisha, nisiseme uongo, kwa raha. Mwenye bucha alikuwa na deni lake la mapaja. "Mama Mstari!" angenguruma kutoka barabarani, "hili shati ni la mtoto wa shule au langu?" Naye anakuja mlangoni, analishika kwa mikono miwili, anapumua, anatafuta alichokipita. Mwalimu mkuu alimletea daftari la kuandikia kila nguo na mwenyewe, wakakubaliana utaratibu: mteja akitokea, Mama Mstari anajibu kwanza, ndipo anafungua daftari kujisahihisha. Kujibu kwanza, hilo ndilo lililokuwa gumu. Kuna siku mtu alisimama mlangoni dakika tano nzima, wote kimya, kinyozi ameuma kidole, hakuna anayethubutu hata kukohoa, mpaka Mama Mstari akasema taratibu, "Gauni, zipu imebadilishwa, mama wa mapacha," na nje watu wakashangilia kama wameona goli.

Wiki ya kwanza makosa tisa. Ya pili saba. Ya tatu yakapanda tena kumi, akatukana pasi. Halafu manne, matano, mawili. Jicho lile la zamani halikurudi, na alilililia, maana lilikuwa jicho zuri. Zamani nguo zilimjia zenyewe. Sasa anazifuata moja moja mpaka anazifikia, na anafika. Alhamisi dada wa mazoezi alipomuuliza hali, alijibu kwamba samaki amelowekwa.

Aliyeshindwa ni binti. Kila asubuhi alikuja, akafungua kufuli, akauweka ufunguo kwenye mkoba, akaacha blauzi zake za kazini. Mara mbili alipewa isiyo yake. Mara ya kwanza aliirudisha jioni akisema eti kwa leo haihitaji. Mara ya pili aliiacha juu ya meza akidai ameisahau. Mama Mstari aliona kila kitu, akakunja midomo, akangoja. Tabia ya kumstahi mama yake ilikuwa na miaka thelathini, na mstari wa zamani una kiburi.

Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Mama Mstari alivuta blauzi ya buluu rafu ya sita, akampa binti yake. Binti akaitazama. Akasema, "Asante, Mama," akatoka. Alifika usawa wa dirisha la kinyozi, hatua zikapungua. Ndani, kinyozi alikuwa ameshika mkasi hewani juu ya kichwa cha mteja, anamtazama. Binti akasimama hapo kitambo. Akageuka.

"Mama."

"Naam."

"Hii si yangu."

"Husikiki, mwanangu."

"Hii si blauzi yangu!" Watu wote dukani wakageuka. "Umekosea, Mama! Yangu ina kifungo cheusi chini, wewe mwenyewe ulikishona, ulisema vyeupe vimekwisha! Umeipokea bila kuitazama, ulikuwa unapiga domo na mwenye bucha, nimekuona! Umekosea!" Na hapo sauti ikamkatika, akabaki amesimama, blauzi mkononi.

Mama Mstari aliipokea ile blauzi kwa mikono miwili. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Ni ya mke wa mwalimu mkuu," akasema, "kwapa limeachia kidogo, mwalimu naye, anayeandika ubaoni kwa mkono wa kulia." Akaiweka. Akaipa rafu mgongo, akafumba macho. "Kifungo cheusi. Karani anayelia kazini. Rafu ya nne." Akageuka, akaivuta, akaikunjua mbele ya watu. Kifungo kilikuwepo.

Binti alifungua mkoba, akautoa ufunguo pamoja na ile leso, akauweka mezani kando ya pasi. Mama yake aliuchukua, akautia mfuko wa aproni, akaupapasa mara mbili kama anahakikisha, halafu akamvuta mwanawe akamkumbatia kwa nguvu, mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa.

"Rudia tena," akamwambia sikioni. "Kinyozi hajasikia."

"Nimesikia!" akajibu kinyozi kutoka upande wa pili wa ukuta, na sauti yake nayo haikuwa nzima.